Taa, Mashua na Kalamu ya Colomb

Mtu akiwasha tochi usiku kwenye mteremko wa Mlima Hanang, mwenzake aliye Katesh ataona nuru tu. Wakiwa wamekubaliana kwamba mmweko mfupi una maana hii na mrefu ile, nuru hiyohiyo inakuwa ujumbe. Philip Howard Colomb (1831–1899), ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliifanya kazi hiyo kuwa fani.

Mchana manowari ziliwasiliana kwa bendera. Usiku zilikuwa kama bubu. Injini za mvuke zilizidisha hatari, kwa sababu meli isiyongoja upepo hugeuka upande wowote, na zikisafiri nyingi pamoja gizani zaweza kugongana kabla amri haijafika. Mfumo wa taa wa Colomb ulipokewa na jeshi la majini mwaka 1867, na mabaharia wakafundishwa kuusoma.

Colomb alikuwa mwandishi pia, na kitabu chake kinachotuhusu zaidi ni *Slave-Catching in the Indian Ocean* cha 1873, kilichotokana na miaka aliyoongoza manowari Dryad, 1868 hadi 1870, akiwinda majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Lugha yake kuhusu Waafrika inaudhi. Hata hivyo, ningependa walimu wa historia wa Mbulu na Hanang wakisome, kwa sababu kinaonyesha sheria dhidi ya biashara ya watumwa ilivyotekelezwa baharini.

Mkataba wa 1845 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar uliruhusu watumwa wasafirishwe ndani ya milki yake, kati ya Kilwa na Lamu, lakini ulikataza kuwapeleka Uarabuni. Majahazi yalipanda kaskazini na upepo wa kusi, manowari za Uingereza zikayavizia njiani. Kwenye maji machache mzinga haukusaidia. Zilishushwa mashua, mabaharia wakapiga makasia. Ofisa akishapanda jahazini, aliwategemea mkalimani na hati alizoonyeshwa na nahodha, huku akijua kwamba yeye na mabaharia wake wangelipwa fedha kwa kila jahazi litakalohukumiwa. Kwa utaratibu huo, nahodha asiye na hatia aliweza kuchomewa chombo chake. Nao waliookolewa mara nyingi hawakurudishwa makwao: walishushwa Aden, Bombay au Shelisheli.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko ya watumwa. Wafanyabiashara wakahamia nchi kavu, wakawatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, mahali ambapo manowari yoyote, hata ikiwa na mabaharia waliofunzwa vizuri kiasi gani, haikuweza kuwafuata. Ilibidi Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876, akiikataza misafara ya bara.