Wasiwasi: maana na matumizi yake

Wasiwasi ni kukosa utulivu wa moyo, mara nyingi kwa jambo ambalo mwisho wake haujajulikana. Neno limetoka katika Kiarabu, ambako *waswas* ni mnong'ono unaomtia mtu shaka. Limo katika sura ya 114 ya Kurani, Surat an-Nas. Maana hiyo ya kwanza haijapotea kabisa: mtu anayerudia udhu kila mara kwa kudhani haujatimia, Waislamu wa pwani husema ana wasiwasi.

Neno hili halina kitenzi chake cha kila siku. Mtu huwa na wasiwasi, huingiwa nao au hutiwa nao, kisha huambiwa auondoe.

Uzito wa neno huonekana vizuri penye biashara ya mali inayooza. Katika soko la Kiwira, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela, mikungu ya ndizi hupakiwa kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam. Wenyeji wengi nyumbani husema Kinyakyusa, lakini na madereva na madalali wa mbali huelewana kwa Kiswahili. Tuseme ndizi zinaendelea kuiva njiani, na simu ya dereva haipatikani. Mwenye mali akisema, "Nina wasiwasi na mzigo," anahofia hasara. Akisema, "Nina wasiwasi na dereva," mara nyingi husikika kuwa anamshuku. Anayemwonea dereva huruma, akihofia utelezi na kona za milimani, ni salama aseme wazi: "Nina wasiwasi asije akapata ajali." Tofauti hii ni ndogo kwa sauti, lakini inaweza kuvunja urafiki.

Wasiwasi una maneno jirani. Hofu huwa na kinachoogopwa. Wasiwasi waweza kukikosa. Mchecheto uko mwilini: mtu hakai akatulia, anashika hiki anaacha kile. Fadhaa huja ghafla, habari ikishafika. Magazeti hupenda kusema watu wenye wasiwasi wako "matumbo joto".

Si kila wasiwasi hulaumiwa. "Wasiwasi wako tu" humnyamazisha mtu, ila methali "wasiwasi ndiyo akili" humtetea anayehesabu mikungu upya kabla turubai halijafungwa. Wasiwasi ukidumu bila sababu, ukamnyima mtu usingizi na kazi, wataalamu wa afya ya akili huuita ugonjwa wa wasiwasi, nao hutibika.