Sahani Inayoishia Darasa la Nane

Mwaka 2001 jimbo la Rajasthan, magharibi mwa India, lilikuwa limebanwa na ukame wa muda mrefu. Watu walilala njaa, ilhali maghala ya serikali yalifurika ngano na mchele hadi magunia mengine yakaozea nje. Aprili mwaka huo shirika la kutetea haki za raia, PUCL, lilifungua kesi katika Mahakama ya Juu likitaka serikali ieleze inakuwaje chakula kioze huku wananchi wakikosa cha kutia tumboni. Tarehe 28 Novemba majaji walitoa amri: kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali, au inayopata ruzuku ya serikali, apewe shuleni chakula kilichopikwa, chenye kalori zisizopungua 300 na protini gramu 8 hadi 12, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka.

Neno zito katika amri hiyo lilikuwa “kilichopikwa”. Kabla ya hapo majimbo mengi yaligawa nafaka kavu, kilo 3 kwa mwezi kwa kila mwanafunzi. Zikishafika nyumbani ziliingia kwenye chungu cha familia nzima, na mtoto akaendelea na fungu lake lilelile dogo. Chakula cha shuleni humfikia aliyekusudiwa, tena akiwa wa kike humfikia bila kusubiri kaka zake washibe.

Jimbo la Tamil Nadu, kusini, halikungoja mahakama. K. Kamaraj, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo hilo, alianzisha mlo wa mchana shuleni katika miaka ya 1950, na mwaka 1982 M. G. Ramachandran, aliyeshika wadhifa huohuo baadaye, akaupanua kwa kiasi kikubwa. Kilichofanywa na majaji ni kuufanya mfano huo kuwa haki ya mtoto nchi nzima.

Leo mpango huo, unaojulikana tangu 2021 kwa jina la PM POSHAN, unahudumia watoto zaidi ya milioni 100, na ni miongoni mwa mipango mikubwa kabisa ya chakula shuleni duniani. Saa ya mlo ikifika, watoto huketi chini kwa mistari barazani, kila mmoja na sahani yake ya chuma. Kusini hupakuliwa wali na mchuzi wa dengu wenye mboga ndani. Kaskazini ni chapati na mboga, au khichdi, yaani mchele na dengu vilivyopikwa pamoja hadi vikalainika. Mwanafunzi wa madarasa ya chini anapaswa kupata kalori 450 na protini gramu 12. Wa darasa la sita hadi la nane, kalori 700 na gramu 20. Wapishi wengi ni wanawake wa kijijini hapo, na kiwango cha posho yao kilichowekwa na serikali kuu mwaka 2009 ni rupia 1,000 kwa mwezi, ingawa baadhi ya majimbo huongeza chochote juu yake. Ni malipo ya aibu kwa kazi ya kulisha taifa. Tena kazi yenyewe haivumilii uzembe: Julai 2013, katika kijiji cha Gandaman jimboni Bihar, watoto 23 walikufa baada ya kula mlo wa shule ulioingiwa na dawa ya kuulia wadudu.

Lakini je, sahani hiyo imebadilisha nini katika miili ya watoto? Jibu lililowashangaza wengi lilikuja mwaka 2021 katika jarida la Nature Communications. Suman Chakrabarti na wenzake walikusanya takwimu za kitaifa za kuanzia 1993 hadi 2016 na kuwatazama wanawake waliosoma shule za msingi katika maeneo na miaka ambayo mlo ulikuwa umefika. Hawakuwapima wanawake hao. Waliangalia watoto wao. Watoto wa mama waliokuwa wamefikiwa na mlo wa shule walikuwa na kimo bora kwa umri wao kuliko wa mama ambao hawakufikiwa, na tofauti ilionekana zaidi katika familia maskini. Mama hao walikuwa pia wamesoma zaidi, wamechelewa kidogo kuzaa, na wamehudhuria kliniki ya wajawazito zaidi. Wali na dengu alivyokula binti wa miaka saba vilikuja kuonekana miaka mingi baadaye, kwenye kibao cha kupimia urefu wa mtoto aliyemzaa.

Hapa ndipo pa kuelewa udumavu unavyojengeka. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake kiko chini mno kuliko kinachotarajiwa kwa umri wake. Hali hiyo huanzia tumboni na kukita mizizi hadi karibu miaka miwili, ndiyo maana wataalamu husisitiza siku 1,000 za mwanzo. India imeweka nguvu nyingi hapo: tangu 2 Oktoba 1975 ina vituo vya anganwadi vya vijijini na mitaani, sasa vinakaribia milioni 1.4, ambako watoto wadogo hupimwa uzito na kupewa chakula, na wajawazito huhudumiwa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 uliwakuta watoto asilimia 35.5 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka mitano hivi kabla ya hapo walikuwa asilimia 38.4. Mwendo huo ni wa kobe.

Sababu moja ni kwamba mama wengi huingia kwenye ujauzito wakiwa tayari wamepungukiwa. Mwaka 2015 Diane Coffey alikadiria, kwa takwimu za katikati ya miaka ya 2000, kwamba wanawake 42 kati ya 100 wa India walikuwa na uzito pungufu walipoanza ujauzito, ilhali Afrika kusini mwa Sahara walikuwa 16 au 17. Hali imeboreka tangu hapo, lakini hesabu hiyo ilitegua kitendawili cha siku nyingi: kwa nini watoto wa India walikuwa wafupi kuliko watoto wa nchi za Afrika zilizo maskini zaidi. Seema Jayachandran na Rohini Pande waliongeza jambo la pili mwaka 2017. Waligundua kwamba kifungua mimba wa India si mfupi kuliko mwenzake wa Afrika. Pengo huanza kwa mtoto wa pili na kupanuka kwa kila anayefuata. Wao walihusisha hilo na kupenda watoto wa kiume, hasa mtoto wa kiume aliye mkubwa kuliko ndugu zake wa kiume, katika kugawana kilichopo. Ufupi huo, kwa hiyo, haukuandikwa kwenye damu ya Wahindi. Unatokana na nani anakula nini nyumbani.

Tufike sasa kwa binti wa miaka 14 hadi 18, umri ambao safu hii inauona kuwa kiini cha suala zima. Katika balehe mwili huongeza takriban asilimia 15 hadi 20 ya kimo cha utu uzima. Damu huongezeka, misuli hukua, na msichana akishavunja ungo hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Mahitaji yake yanapanda kwa pamoja. Utafiti wa 2019 hadi 2021 uliwakuta wasichana asilimia 59.1 wa miaka 15 hadi 19 wana upungufu wa damu, kutoka 54.1 katika utafiti uliotangulia. Kwa wavulana ni 31.1.

Takwimu hizo zina utata unaopaswa kusemwa. Zilitokana na tone la damu la kidoleni, na tone hilo likikamuliwa huchanganyika na majimaji ya mwili, kipimo kikatoka chini ya uhalisi. Utafiti mwingine wa kitaifa wa 2016 hadi 2018, ambao ulichota damu kwenye mshipa, uliwakuta wasichana asilimia 40 wa miaka 10 hadi 19 na upungufu huo, na wavulana 18. Umri uliopimwa si uleule, kwa hiyo takwimu hizi mbili hazilingani moja kwa moja. Lakini hata ukishika ile ndogo, ni wasichana wawili katika kila watano, zaidi ya mara mbili ya wavulana.

Jikoni sababu zinaonekana kwa macho. Mlo wa kaya maskini ya Bihar au Uttar Pradesh ni nafaka kwa wingi na dengu kidogo. Chuma cha nafaka hakifyonzwi kwa urahisi, na chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Limau, embe bichi au tunda chachu la amla husaidia kukifyonza, nyama na yai huongeza virutubisho vingine, ila vyote hivi vina bei, na yai lina siasa zake pia: majimbo kadhaa yamekataa kuliweka kwenye mlo wa shule kwa hoja ya imani za wasiokula nyama. Tamil Nadu hutoa yai kila siku ya shule, na asiyekula yai hupewa kitu kingine. Huo ndio utaratibu unaomheshimu kila mtoto. Halafu kuna zamu ya kula. Katika kaya nyingi za kaskazini wanaume hutangulia, na mkaza mwana hula mwisho, kilichobaki. Binti anayeolewa akiwa na miaka 17 anaingia kwenye zamu hiyo mwili wake ukiwa bado unakua.

Serikali imejibu kwa kidonge cha bluu. Mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumatatu, wanafunzi wa miaka 10 hadi 19 humeza mbele ya mwalimu kidonge chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Wadogo zao wa miaka 5 hadi 9 wana cha waridi. Mara mbili kwa mwaka hupewa dawa ya minyoo. Ni mpango mzuri, lakini kidonge hicho huelekezwa kimezwe baada ya kula, kwa sababu tumbo tupu huleta kichefuchefu. Msichana wa darasa la saba ana sahani ya shule ya kukitangulizia. Wa darasa la tisa hana, kwa sababu mpango wa taifa wa mlo wa shule huishia darasa la nane. Yaani sahani huondolewa karibu na miaka 14, pale mwili unapoidai kuliko wakati mwingine wowote wa utoto.

Darasani athari ya sahani hiyo si ndogo. Tanika Chakraborty na Rajshri Jayaraman walionyesha mwaka 2019 kwamba watoto waliokula mlo wa shule hadi miaka mitano walipata alama za kusoma zilizo juu kwa asilimia 18 kuliko waliokula kwa muda usiofika mwaka. Shibe peke yake, hata hivyo, haifundishi kusoma. Tangu 2005 wapimaji wa ASER, tathmini iliyoanzishwa na shirika la Pratham, huenda nyumba kwa nyumba vijijini na karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi. Mwaka 2024, ni asilimia 23.4 tu ya watoto wa darasa la tatu katika shule za serikali walioweza kusoma maandishi ya darasa la pili. Wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaijua karatasi hiyo kupitia Uwezo, tathmini iliyoiga mtindo wa ASER kuanzia 2009. Mtoto asiyeweza kusoma huacha shule mapema, na akiwa wa kike, ndoa humfikia mapema.

Bihar walithubutu kuukabili mpito wa kutoka darasa la nane kwenda la tisa. Kuanzia 2006 serikali ya jimbo ilimpa kila msichana anayeingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta idadi ya wasichana walioandikishwa sekondari imepanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Nchini kote, wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya miaka 18 walishuka kutoka asilimia 47.4 mwaka 2005 hadi 2006, wakafika 23.3 mwaka 2019 hadi 2021. Mabinti wanafika darasa la tisa kwa wingi kuliko mama zao. Wanafika mahali pasipo na chakula.

Mpango wa lishe kwa wasichana wa miaka 14 hadi 18 upo, lakini tangu mwaka 2022 umebanwa kwenye wilaya zilizo nyuma kimaendeleo na majimbo ya kaskazini-mashariki. Tamil Nadu inalisha hadi darasa la kumi. India ina nafaka ghalani na uzoefu wa zaidi ya miaka 20 wa kupika kwa mamilioni. Baadhi ya shule za sekondari zitahitaji majiko mapya na wapishi zaidi wanaolipwa kwa haki, na gharama hiyo inastahili. Serikali kuu iongeze madarasa manne kwenye PM POSHAN, la tisa hadi la kumi na mbili, na iweke yai kwenye sahani ya kila mwanafunzi anayelila.