Kibati: kutuliza jamaa chini ya mulima wa moto

Mchimbaji hana makao mamoja. Leo iko Rubaya, kesho Numbi, kisha anasikia kama kuko shimo mpya upande wa Walikale, anabeba baramini yake na kuenda. Lakini watoto hawawezi kufuata shimo. Masomo inafungua mwezi wa Septemba, haingojee bei ya koltani ipande. Ndiyo maana jamaa nyingi za wachimbaji zinatafuta mahali pa kutuliza mama na watoto, hata kama baba ataendelea kuzunguka. Wengi wetu tulikuja huku kaskazini ya Goma: Munigi, Kanyaruchinya, Kibati.

Kibati iko juu ya barabara ya Rutshuru, zaidi kidogo ya kilometa kumi kutoka mjini, ndani ya sheferi ya Bukumu, teritware ya Nyiragongo. Wenyeji ni Wakumu, na sisi wengine tuliwakuta hapa na mashamba yao ya maharagi, mahindi na migomba. Kwa upande wa juu tunapakana na Parke ya Virunga, ile iliundwa mwaka 1925. Hapa ndipo njia ya watalii ya kupanda volkano inaanzia. Volkano yenyewe, Nyiragongo, ina metre 3,470, na usiku mawingu yakiondoka tunaona mara nyingi wekundu wake juu ya manjanja ya nyumba zetu.

Mtu wa mjini anatuuliza: mulikosa wapi pa kukaa? Jibu letu ni fupi. Mjini mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi mingi mbele hujaingiza hata kitanda, na mwezi baba hakutuma pesa, vyombo viko barabarani. Hapa mtu wa kazi ya shimo anaweza kupata kiwanja chake kidogo kidogo. Parsele yako, hata ikiwa mawe matupu, hakuna mtu anagonga mlango mwisho wa mwezi.

Mawe, mayi na jirani

Na kweli ni mawe. Kiwanja cha Kibati ni volkano iliyopoa. Nyumba nyingi ni za mbao, zimekalia msingi wa mawe meusi, na lupango ni mawe yaliyopangwa bila simenti. Kuchimba choo ni kazi ya wiki nyingi, na hapo mchimbaji anajua thamani ya mikono yake: nyundo, burini na baramini vinafanya hapa kazi ile ile vinafanya ku shimo. Nyumba ya mbao iko na faida mbili. Ni rahisi kuliko matofali, na ikibidi, unaifungua ubao kwa ubao na kuihamisha. Sisi tunaokaa hapa hatudharau hiyo faida ya pili.

Shida kubwa ya kila siku ni mayi. Hapa hakuna mto. Mvua inanyesha sana, lakini inapenya ndani ya mawe na kupotea, ungefikiri haikunyesha. Basi mayi yetu ni ile tunakamata mbele iguse chini: mufereji chini ya manjanja, na tanki kwenye kona ya nyumba. Mwenye tanki kubwa anavuka wiki kadhaa bila mvua. Mwenye ndoo anavuka siku tatu. Kuanzia Juni mpaka Agosti, wakati wa jua, watoto wanapanga mstari na bidoni za litre 20, na chukudu inapanda na bidoni kumi mgongoni. Mama mwenye watoto sita anahesabu mayi sawa vile anahesabu pesa: hii ya kunywa, hii ya kupika, ile tulioshea vyombo inaenda kumwagilia mboga.

Umeme ulikuja kwa upande wa Rutshuru. Kiwanda cha Matebe, kinachosukumwa na mayi ya mto, kilianza kazi mwisho wa mwaka 2015, na waya zake zikashuka kuelekea Goma. Si kila nyumba inawaka, lakini kwenye iko, mtoto anasoma usiku, fundi wa kushona anaendesha mashini, na simu haizimike siku ile baba anatuma pesa.

Kitu kinatushika hapa zaidi ya yote ni watu. Nyumbakumi anajua nani anakaa wapi. Siku ya salongo kila nyumba inatoa mtu. Mama zetu wako na likelemba: kila moja anaweka kitu kila juma, na zamu yako ikifika, unanunua manjanja, unalipa madeni ya duka, ao unaanzisha biashara ya karoti na shu kutoka Kibumba kuelekea soko za Goma. Baba akiwa ku shimo miezi mitano, mama ndiye anakata shauri. Anapokea fundi, anaenda kwenye mkutano wa wazazi, anapeleka mtoto ku munganga usiku. Tuseme ukweli: nyumba nyingi za wachimbaji zimesimama juu ya mama, na pesa ya baba ni mufereji unaoleta mayi siku mvua inanyesha.

Masomo ya msingi ni ya bure kwa sheria, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza nchi nzima. Hiyo ilisaidia jamaa nyingi. Lakini daftari, viatu na unifomu bado ni juu ya mzazi, na sekondari inalipwa. Wazazi wengi huku wako na lengo moja tu: mtoto wa mchimbaji amalize, ili akienda ku shimo siku moja, aende kwa kupenda, si kwa kukosa.

Mulima, na vita

Nyiragongo haitudanganye. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lilifunguka kwa ubavu na kumwagika kwa muda usiozidi saa moja. Watu wa vijiji vya chini hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka mpaka ndani ya mji wa Goma, ukakata uwanja wa ndege, ukaingia ziwani, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021, usiku wa siku ya posho, ulishuka tena, ukakata barabara ya Rutshuru, ukameza maelfu ya nyumba katika teritware yetu, na ukasimama Buhene, kwenye mlango wa mji.

Tulijifunza nini? Kwamba mulima unapasuka kwa ubavu, si paka kwa kichwa. Kwamba moto wake ni mwepesi kama uji, unafuata mabonde. Kwa hiyo mtoto wa Kibati lazima ajue bonde liko wapi, na kilima cha kupanda kiko wapi. Pia ajue rangi za tahadhari ambazo wataalamu wa Observatware ya Volkano ya Goma wanatangaza: kijani, manjano, rangi ya machungwa, nyekundu. Na kuna mazuku, ile hewa nzito inayokaa ndani ya mashimo na mabonde, zaidi upande wa Mugunga na Bulengo. Wachimbaji wanaielewa bila kufundishwa, juu ni ndugu ya hewa mbaya inayoua mtu chini ya shimo: haionekani, na inajaza kuanzia chini. Baba akirudi, afundishe watoto hilo kwa mdomo wake.

Vita navyo vilipita hapa. Mwaka 2008 Kibati ilikuwa kambi ya makumi ya maelfu ya wakimbizi, na mstari wa mbele ulikuwa karibu. Mwaka 2012 M23 walishuka kwa barabara hii wakaingia Goma, na Agosti 2013 mabomu yalilia juu ya vilima vyetu. Mwaka 2022 watu wa Rutshuru walijaa Kanyaruchinya ndani ya vibanda vya shitingi. Mwanzo wa mwaka 2025 Goma ilianguka tena, na kambi zikavunjwa. Kila mara tulifunga mlango na kuenda. Kila mara wengi walirudi, wakakuta mlango hauko, wakatafuta mbao.

Pepa ni sehemu ya nyumba

Ndiyo juu tunataka kusema jambo moja kwa wachimbaji wanaosoma ukurasa huu wakiwa mbali. Nyumba ikiungua, tunajenga. Pepa ikikosekana, jamaa inapoteza kiwanja hata mawe yakibaki mahali pake.

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni wa serikali. Mtu anapata haki ya kuutumia, na pepa yenye nguvu ni seritifika ya anrejistrema. Pepa ya muuzaji na mashahidi ni mwanzo tu, si mwisho. Ulizeni pia kwa shefu wa kimila na majirani mbele ya kutoa hata franka moja, juu parsele moja inaweza kuuzwa mara mbili kwa watu wawili walio mbali.

Kisha ndoa. Baba wengi wameoa kwa mahari na hawajaandikisha. Siku shimo linaanguka, ndugu wa marehemu wanafika na kusema mama si bibi wa sheria. Kodi ya jamaa ya mwaka 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, inapatia watoto robo tatu ya urithi, hata waliozaliwa inje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, pamoja na bibi ao bwana aliyebaki, wazazi na ndugu. Lakini bibi bila pepa ya ndoa, na mtoto bila pepa ya kuzaliwa, watashindana kwa mdomo tu. Mtoto anaandikishwa ndani ya siku 90. Mama hana lazima ya kungoja baba arudi.

Kwa hiyo, mchimbaji akirudi na pesa, sisi tunaokaa hapa tungemwomba afuate mpango huu: kwanza pepa ya kiwanja na ya ndoa, kisha tanki la mayi, kisha ukuta mzuri na televizyo. Kopi za pepa zikae ndani ya mufuko wa plastiki karibu na mlango, na zingine kwa mtu wa kuaminika mbali na mulima. Na jamaa yote ikubaliane mahali pa kukutana tukitawanyika, juu mwaka 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi usiku ule.

Hatusemi kila mtu aje Kibati. Tunasema tu: kwenye utatuliza jamaa yako, iwe hapa ao Masisi ao Bukavu, usiiache juu ya mawe bila pepa.