Mkaguzi Akipiga Hodi

Bwana Mkulima, mkaguzi wa mifugo akifika kwako, je, ni lazima umfungulie kila mlango?

Zizi na nyumba si kitu kimoja. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, humruhusu mkaguzi kuingia mahali wanyama walipo ili awakague. Ukimfungia zizi wakati wa ugonjwa wa miguu na midomo, unavunja sheria, na ng'ombe wa jirani yako watapata hasara hiyo pia.

Lakini ruhusa ya kukagua ng'ombe si ruhusa ya kufungua sanduku la nguo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake. Haki hiyo yaweza kupunguzwa kwa sheria tu, tena kwa sababu ya haki. Hati ya upekuzi hutolewa na mahakama, na hutumiwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama yenyewe imeruhusu saa nyingine.

Basi fanya hivi:

1. Mwombe kwa adabu akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi.

2. Muulize amekuja kukagua nini.

3. Akitaka kuingia nyumbani, muulize hati yake, au ni sheria gani inayomruhusu. Hati uisome kabla ya kufungua.

4. Akiingia kwa nguvu, usipigane naye. Andika jina lake na saa, mwite jirani ashuhudie, kisha upeleke malalamiko yako kwa wakubwa wake.

Mlinde ng'ombe, na mlango wako pia.