Kasa si kobe, na nguva si hekaya

KATIKA insha za wanafunzi, vitabu vya watoto na hata taarifa za habari, aghalabu nakutana na ‘kobe wa baharini’. Wengi tumelizoea jina hilo kiasi kwamba hatujiulizi: kwani Kiswahili kimekosa neno? Hakijakosa. Mnyama huyo ni kasa.

Suala hili lilinirudia nilipotoka Lamu kwa mashua hadi Kiwayu, kutazama ndege katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1979, ina ukubwa wa kilomita 250 za mraba hivi na inaandama pwani hadi karibu na mpaka wa Somalia. Ina visiwa vidogo vya mawe vipatavyo 50, na ndege wa baharini hutaga humo hasa wakati wa kusi, kuanzia Julai hadi Oktoba. Anayetaka kuwaona na achukue darubini, awatazame akiwa chomboni. Akishuka kisiwani, ndege wataruka wote na kuyaacha mayai na makinda juani.

Nahodha wetu, Mwamu wa kuzaliwa, hakusema ndege. Alisema nyuni. Baadhi ya wenzangu walidhani hiyo ni lugha ya mashairi tu. La hasha! Nyuni ni neno kongwe la Kibantu: Wakikuyu husema nyoni, Wanyarwanda na Wazulu inyoni. Kiswahili sanifu kilichukua ndege, na kwingineko nyuni likabakia zaidi kuwa jina la maradhi ya watoto tuyaitayo pia degedege. Tazama basi jinsi maneno hayo mawili yalivyoandamana hata katika ugonjwa.

Tena, si kila ndege mweupe wa baharini ni shakwe. Shakwe ana mdomo mnene, na mara nyingi huokota chakula ufuoni au juu ya maji. Buabua ni mwembamba, mdomo wake umechongoka, mkia una panda, naye hujitosa majini kichwa mbele kufuata dagaa. Kamusi ikisema tu ‘aina ya ndege wa baharini’, imemwacha msomaji palepale alipokuwa.

Turudi kwa kasa. Kobe ana miguu ya kutembelea nchi kavu, na huweza kuficha kichwa ndani ya gamba. Kasa ana miguu iliyo kama makasia, na kichwa chake hakiingii ndani. Katika jamii hiyo ya kasa yumo pia ng’amba, ambaye gamba lake liliuzwa ng’ambo kutoka pwani hii tangu karne ya kwanza, kama inavyosimulia Periplus, kitabu cha Kiyunani cha safari za baharini. Wavuvi wa Kibajuni nao walikuwa na taza, samaki anayejigandisha, ambaye walimfunga kamba na kumtuma amnase kasa. Watu wenye ujuzi wa namna hiyo hawangeweza kuridhika na ‘kobe wa baharini’.

La kusikitisha zaidi ni nguva. Waulize wanafunzi wa leo, watakwambia eti ni mwanamke mwenye mkia wa samaki. Nguva ni mnyama halisi. Hunyonyesha mtoto wake, hupumua hewa kama sisi, na hula nyasi za baharini. Katika maji ya Kenya wamesalia wachache mno, na eneo la Lamu na Kiunga ni miongoni mwa machache ambamo bado wanatarajiwa kuonekana. Nyavu huwanasa, wakakosa pumzi na kufa. Mtoto anayedhani nguva ni kiumbe wa ngano atashtuka vipi akiambiwa wametoweka?

Hii ndiyo sababu nasema suala hili si la wanaisimu peke yao. Waandishi wa vitabu vya kiada waandike kasa, wamwachie kobe nchi kavu. Nguva wa hadithi aitwe samaki-mtu. Nao wahariri wa kamusi wafunge safari hadi Lamu, Kiwayu na Kiunga wakawaulize wavuvi wazee, maadamu wangali nasi.