BAISIKELI IPI YAFAA KWA KAZI IPI?

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Kwa jembe neno hilo ni kweli, maana majembe yote hulima. Baisikeli si hivyo. Iliyoundwa kwa kubeba magunia haipandi mlima kwa wepesi, na ile ipandayo mlima kwa wepesi yaweza kuvunjika keria siku ya kwanza ya kupakiwa mitungi ya maziwa. Mtu akinunua isiyomfaa, fedha za mavuno huishia ukutani mwa nyumba, ambako baisikeli huegemezwa ikashika kutu. Basi kabla ya kuingia dukani yampasa mnunuzi ajiulize mambo manne: atabeba nini, atapita njia gani, kimo chake ni kipi, na nani ataitengeneza ikiharibika.

MZIGO

Kwa mwenye mizigo, baisikeli ya chuma ya namna ya zamani, ambayo watu wengi wa Kenya huiita Black Mamba, bado haijapitwa. Magurudumu yake ni ya inchi 28, haina gia, na uzito wake ni kama kilo 20 au zaidi. Mara nyingi gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Baisikeli za namna hiyo ndizo zilizowafaa vijana wa Busia, ambao katika miaka ya 1960 walianza kuvusha abiria baina ya Kenya na Uganda, kazi hiyo ikaitwa boda boda. Pikipiki zimekwisha kuchukua sehemu kubwa ya kazi ile, lakini wachukuzi wa maziwa, mkaa na mikate wangali wakiitegemea baisikeli. Ipo pia Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005. Keria yake imetengenezwa ili ihimili kilo 100.

NJIA

Katika tambarare za Kano, karibu na Kisumu, baisikeli isiyo na gia yatosha. Lakini huko Murang'a na Nyeri, ambako barabara hupanda na kushuka toka mto hadi mto, mwenye safari za kila siku atafurahi kuwa na gia. Hata hivyo, gia haimpi mtu nguvu asizokuwa nazo. Humgawia mlima kidogo kidogo, naye hulipa kwa kwenda polepole. Baisikeli za milimani, zenye magurudumu ya inchi 26 na matairi mapana, zafaa kwa njia za mawe na matope. Ila mnunuzi ajihadhari na zile za bei ndogo zilizotiwa springi mbele na nyuma. Springi hizo huongeza uzito, hula nguvu za mpandaji, na zikilegea ni shida kuzitengeneza.

Katika nchi ya milima breki ni jambo la uhai. Breki za vyuma zibanazo ringi za chuma hupungua nguvu sana mvua inyeshapo. Breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, wala haijali tope; lakini mnyororo ukikatika au ukitoka, breki hiyo nayo imekwenda. Kwa hiyo hapana budi iwepo na breki ya mbele.

KIMO

Mnunuzi asimame juu ya fremu, miguu yote miwili ikiwa chini kabisa. Bomba la juu lisimguse. Pawe na nafasi ya sentimita 3 hivi, na zaidi kwa njia mbaya. Kisha aketi, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini. Mguu ukinyooka bila kuchuchumia, kiti ki sawa. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma kabla ya safari kwisha.

Wazazi wengi humnunulia mtoto wa shule baisikeli kubwa wakisema, "Atakua." Ni kweli atakua, lakini leo miguu yake haifiki chini, na kesho asubuhi atakutana na lori barabarani. Tena kama baisikeli itatumiwa na baba, mama na watoto, fremu isiyo na bomba la juu ni bora, maana avaaye kanga au sketi huipanda bila taabu.

FUNDI

Bei ya dukani si bei yote. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwendee fundi wa soko la kwao amwulize: matairi, spoki na minyororo ya baisikeli ile hupatikana hapa? Swali hilo ni la lazima hasa kwa baisikeli kuukuu zitokazo ng'ambo. Tairi mbili zaweza kuandikwa inchi 28 zote, na bado moja isiingie katika ringi ya nyingine, kwa sababu moja ni ya milimita 635 na nyingine 622. Namba hizo huandikwa ubavuni mwa tairi, yafaa kuzisoma.

Mwisho, mnunuzi ainue kila gurudumu alizungushe, atazame kama layumba. Abane breki ya mbele na kusukuma. Achunguze maungio ya fremu kama yana ufa. Akiridhika, adai risiti yenye namba ya fremu, maana baisikeli ikiibwa, karatasi hiyo ndiyo shahidi wake.

Rangi na nikeli husifiwa na majirani kwa juma moja. Baada ya hapo ni mwenyewe na mlima wake, na mzigo wake, kila siku.