Tonka, Mbegu Inayotia Marashi Utamu

Ukiitazama tu, mbegu ya tonka haikuvutii: nyeusi, imekunjamana, haizidi kidole kwa urefu. Ikate kwa kisu, na chumba kizima kitanukia vanila, lozi, mdalasini na nyasi zilizoanikwa juani. Mimi hutengeneza marashi nyumbani, na tonka ndiyo ninayoipigia debe kila mara, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuitafuta harufu nzuri kwenye maua peke yake.

Mti wake, *Dipteryx odorata*, ni wa jamii ya kunde, na kwao ni misitu ya Venezuela, Guyana na kaskazini mwa Brazil. Wachumaji huokota matunda yaliyodondoka, huvunja kokwa na kuanika mbegu moja iliyomo ndani. Harufu hukolea mbegu inapokauka. Zamani mbegu zililowekwa kwenye ramu, kisha zikaanikwa tena mpaka zikatoka fuwele nyeupe. Fuwele hizo ni kumarini, ambayo wanakemia waliitenga kutoka kwenye tonka mwaka 1820. Mwanakemia William Henry Perkin aliiunda maabarani mwaka 1868, na mwaka 1882 kampuni ya Houbigant ya Paris ikaitia kwenye marashi yake ya Fougère Royale. Ya maabara ni safi, lakini mimi naona imepwaya. Mbegu ina ukali fulani wa tumbaku ninaoupenda mno.

Ili kuitoa harufu hiyo kwa ajili ya marashi, napima gramu 10 za mbegu kwa mililita 100 za ethanoli ya asilimia 95. Spiriti ya kuwashia taa usiitumie kabisa: huwa na methanoli, nayo ni sumu. Katakata mbegu vipande vyembamba, tia kwenye chupa ya kioo, funga barabara, weka gizani mbali na moto. Tikisa kila siku kwa wiki nne hadi sita. Mbegu ina mafuta mengi, kwa hiyo ilaze chupa kwenye friji usiku kucha mafuta yagande, kisha chuja ingali baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Wanaoruka hatua hii hutia madoa kanzu nyeupe.

Bandika chupa maandishi: si ya kula. Marekani ilipiga marufuku kumarini katika vyakula mwaka 1954, kwani huweza kudhuru ini. Wapo pia inaowawasha ngozi. Jaribu tone moja mkononi, ungoje hadi kesho yake.

Tonka huondoka polepole, hivyo huzishikilia harufu nyepesi zisiruke upesi. Anza nayo pamoja na msandali na karafuu kidogo. Ukiichanganya na asumini, punguza tonka, la sivyo itaimeza.